Ng'ombe Mnono wa Mstari wa Sita

Njoki alikuwa na ugonjwa mmoja ambao hospitali haitibu: hakuweza kuona kosa akanyamaza. Ukimwekea sukari nyingi kwenye chai, atakuambia. Padri akiruka aya wakati wa somo, atamfuata hadi mlangoni kumkumbusha. Kwa hivyo Gicheru alipofungua kampuni yake ndogo juu ya duka la rangi mjini Nyeri, akawa anatafuta mtu wa kuandika maneno ambayo kompyuta itawaambia watu wakikosea, hakusumbuka kuwaita wengi kwa mahojiano.

Kampuni ilikuwa na watu wawili, yeye na Njoki, pamoja na printa iliyogoma kila Jumatatu. Kazi yao ilikuwa chombo kimoja walichokiita Mkaguzi. Mwenye kuandika programu huipitisha kwanza kwa Mkaguzi, naye huijaribu na kusema palipo na kasoro. Sifa yake kubwa ni kwamba hakuhitaji kuambiwa kila kitu. Humwambii kwamba umri ni namba na jina ni neno. Anasoma mwenyewe, anaangalia ulivyokitumia kitu mara ya kwanza, anakata shauri, na kuanzia hapo anakushikilia kwa hilo. Akikuta mbele umekitumia vingine, anapiga kelele. Kelele zenyewe zilikuwa za Kiswahili, kwa sababu Gicheru alisema amechoka kugombezwa na mashine kwa lugha ya watu.

Kiswahili hicho alikiandika Njoki, na kilikuwa cha kituo cha polisi. "KOSA. Mstari 214. Ilitakiwa namba. Umeleta neno. Rekebisha." Njoki aliipenda sana hiyo "rekebisha". Aliona imekaa vizuri pale mwisho.

Sasa Jumatatu moja, printa ikiwa imegoma kama kawaida, simu ikapigwa kutoka Nanyuki. Alikuwa Khadar, kijana anayemwandikia programu mzee Garad, mfanyabiashara wa mifugo. Programu hiyo hujumlisha uzito wa ng'ombe wanaopakiwa kwenye lori, ili lori lisibebe kupita kiasi likaanguka njiani.

"Sister," Khadar alisema, sauti imemkauka, "hii mashine yenu inanionea. Siku mbili nabadilisha line mia mbili na kumi na nne. Hiyo line inajumlisha uzito ya ng'ombe, basi! Kujumlisha iko na makosa gani?"

"Imekuambia umeleta neno mahali pa namba."

"Mimi sijaleta neno."

"Khadar, umekosea. Mkaguzi hakosei. Soma tena."

"Nimesoma mpaka mke wangu anasema naitaja nikilala."

"Basi nitumie hiyo faili nikuonyeshe penye umekosea."

Hapo ikasikika simu ikibadilisha mkono, na sauti nyingine ikaja, nzito na ya upole. Alikuwa Garad mwenyewe. "Binti yangu, hiyo faili haitumwi, habari za ng'ombe zangu hazitoki Nanyuki. Sasa sikiliza. Daktari wa mifugo akikuja boma yangu, anapiga kelele 'ng'ombe mgonjwa, ng'ombe mgonjwa', na haniambii anaumwa wapi, mimi namuita tena?"

"Hapana, mzee."

"Haya. Ijumaa asubuhi nitampatia Sabirin hiyo faili. Sabirin ameanza kazi wiki hii, hajui mashine yenu, hakujui wewe. Mpaka saa sita. Akirekebisha na yale maneno ya mashine peke yake, tutaendelea na nyinyi. Simu ikipigwa huko kwako kuuliza, tumeachana. Kwa amani, lakini tumeachana."

Gicheru alikuwa amesikia yote. Wateja wengine wa Mkaguzi walikuwa chuo kimoja cha ufundi na binamu yake. Alikaa chini polepole, akaitazama printa, akasema, "Garad akitoka, Njoki, mimi nitabaki na hii printa peke yangu." Hakuwa anatania, na Njoki alijua. Njoki alikuwa amezunguka na vyeti vyake miaka mitatu, akiambiwa na kila mtu kwamba kazi ya namna hiyo haiwezi kupatikana kwenye mji wa milimani, kisha akaipata, tena juu ya duka la rangi. Aliogopa kuipoteza kuliko alivyowahi kuogopa kitu chochote.

Jumanne alijaribu adabu. Akaandika: "Samahani sana kwa usumbufu. KOSA." Jumatano alijaribu maelezo, yakatoka ukurasa mmoja na nusu, yenye vichwa vidogo. Alikuwa na mtu wake wa kuyajaribia: Wamucii, anayechanganya rangi duka la chini, ambaye hakujua lolote kuhusu programu na hakuona haya kusema hivyo. Wamucii alisoma yote, mikono imejaa rangi ya krimu, akamrudishia simu yake.

"Umeelewa nini?" Njoki akamuuliza.

"Nimeelewa nimekosea. Jana iliniambia mbio mbio, leo imeniambia pole pole."

Alhamisi mchana, Njoki akiwa hajapata neno hata moja la maana, mama yake, Kabura, alipanda ngazi za ofisi akihema, akasimama mlangoni na kitambaa chake cha kichwa cha Jumapili. Kaka yake Njoki, Mwai, alikuwa amepata mtoto na mkewe Wendy huko Gakindu, na akina mama wa kanisa walikuwa wanaenda kumwona. Kabura hakuwa amekuja kuuliza kama Njoki ana nafasi.

"Mama, niko na kazi. Kesho ndio kesho."

"Ati kazi! Mtu amezaliwa kwenu na wewe uko hapa unagombana na kompyuta. Beba hii njahi."

Njahi, yale maharage meusi ya mzazi, ilikuwa sufuria nzima, kwa sababu mwanamke aliyejifungua asipokula njahi watu wataulizana alizaa kwa nani. Lakini mzigo wenyewe Kabura aliubeba mwenyewe, kifuani: shali ya manjano aliyoishonesha tangu mimba ikiwa ya miezi mitano, yenye jina kwa uzi mwekundu. Jina hilo lilikuwa Kabura.

Hakuwa amemuuliza mtu. Angemuuliza nani? Kwetu jina la mtoto halitafutwi, linafuata foleni. Mvulana wa kwanza ni babu mzaa baba, wa pili ni babu mzaa mama. Msichana wa kwanza ni nyanya mzaa baba, wa pili ni nyanya mzaa mama. Njoki mwenyewe alikuwa msichana wa pili, kwa hivyo alibeba jina la nyanya yake, mama mzazi wa Kabura, na Kabura akiwa na furaha alimwita binti yake "mama". Mwai alikuwa na mvulana mmoja tayari. Huyu sasa alikuwa msichana, tena msichana wa kwanza. Kabura alikuwa amesubiri miaka sitini na mbili kuzaliwa tena.

Walifika wakiwa tisa. Nyumba ilinukia maziwa na dawa ya kupanguzia sakafu. Kwenye kiti cha pembeni alikuwa ameketi Murugi, mama yake Wendy, aliyekuja kutoka Kianyaga siku mbili kabla kumsaidia binti yake. Waliimba, wakaomba, wakapewa chai. Kisha Kabura akampokea mtoto, akamfunika shali, akamwinua juu kidogo ili kila mtu aone.

"Kabura wangu!" alisema. "Kabura wangu umefika!"

Wendy akamgeukia mama mkwe wake. "Mum," alisema kwa sauti ndogo, "huyu anaitwa Murugi."

Hakuna aliyeweka kikombe chini. Murugi wa Kianyaga alianza kuichunguza chai yake kana kwamba kuna nzi ndani. Mwai alikuwa amesimama dirishani, akaona afadhali aangalie mahindi. Kisha akina mama wote wakaongea kwa pamoja: hii ni mila gani, wasichana wa siku hizi wanasoma wapi haya mambo, mama mkwe amekukosea nini. Mmoja wao, bila kusema neno, aliinuka akarudisha kifuniko kwenye sufuria ya njahi.

Na Njoki? Njoki aliona kosa. Ungetarajia anyamaze?

"Wendy, umekosea," alisema. "Msichana wa kwanza ni wa upande wa Mwai. Hata mtoto wa nursery anajua."

Macho ya Wendy yalijaa machozi, lakini hakuinamisha kichwa. "Mimi sijakosea. Nimefuata mila vile iko."

"Umekosea."

"Sijakosea, Njoki."

Njoki alifungua mdomo kusema mara ya tatu, ndipo akajisikia. Maneno yale yale, sauti ile ile, na jibu lile lile alilopewa na Khadar. Wendy hakuwa mtu wa uongo. Alikuwa mtu wa kurudisha kifuniko cha jirani hata kikiwa kimevunjika. Akisema amefuata mila, amefuata. Haya. Kama amefuata mila, na mtoto ni Murugi, basi mtoto huyu ni msichana wa pili. Na nani alisema ni wa kwanza? Njoki alirudi nyuma akilini, harusi, uchumba, siku Wendy alipoletwa nyumbani mara ya kwanza, akamtafuta aliyesema. Hakumpata. Walikuwa wameamini tu, wote, kisha wakamshikilia Wendy kwa hilo.

Alipogeuka kumtazama Mwai, dirishani hapakuwa na mtu.

Alimkuta zizini akimlisha ng'ombe aliyekwisha kula. Alikuwa anamwaga maji kwenye nyasi.

"Mwai, wa kwanza ako wapi?"

"Wa kwanza nini?"

"Ulikaa Kenol miaka minne ukiuza spea za magari kabla ya Wendy. Mwai, usinizungushe. Wa kwanza ako wapi?"

Mwai aliketi juu ya ndoo, akiwa na kilo zake tisini. "Ako huko na mamake. Ako grade one," alisema. "Nilikuwa nimwambie mum kabla ya harusi. Halafu nikasema Christmas. Halafu Easter. Halafu ikawa imekaa sana, sasa utaanzia wapi?"

"Wendy anajua?"

"Nilimwambia kabla ya kumuoa. Alisema ni mimi nitamwambia mum, yeye hatanisemea."

Kumbe ndani, watu tisa wakimrukia, Wendy alikuwa na neno moja la kuwanyamazisha wote, akakataa kulisema kwa kuwa halikuwa lake. Njoki alimkasirikia kaka yake.

"Na anaitwa nani, huyo mtoto?"

Mwai alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Kabura. Ningemwita nani ingine?" Akaokota nyasi moja. "Nilimficha mum mtoto, Njoki. Jina singeweza kumnyima." Akajifuta uso kwa mkono wenye nyasi. "Sasa utaenda kumwambia nimekosea."

Ndivyo alivyotaka. Neno lilikuwa tayari limefika kwenye meno. Lakini alimjua mama yake: ukianza na "Mwai amekosea", nyumba itawaka moto pale pale, na hakuna atakayesikia yaliyobaki, hata lile la maana, kwamba Kenol kuna msichana anayeitwa Kabura. Alimshika Mwai mkono, wakaingia ndani, ndoo na yote.

"Mama," alisema, na wote wakanyamaza kwa kuwa hawakuwahi kumsikia akiongea polepole. "Wewe unaamini huyu ni msichana wa kwanza, kwa sababu hakuna mtu alikuambia vingine. Wendy anajua ni wa pili, kwa sababu Mwai alimwambia. Nyinyi wawili mmefuata mila, na hamuwezi kupatana. Shida haiko kwa huyu mtoto. Iko Kenol, miaka sita nyuma. Angalia huko kwanza."

Kabura alimtazama mtoto mikononi mwake. Akamtazama Mwai mlangoni, na ndoo yake.

"Miaka sita," alisema.

"Ndiyo, mum."

"Msichana."

"Ndiyo."

"Mmemwita nani?"

"Kabura, mum."

Mama mzee akampa Wendy mtoto wake, taratibu. Akaichukua shali ya manjano, akaikunja mara mbili, akaipima kwa macho. "Hii haitamtosha," alisema, akaanza kulia. Alilia vizuri, bila kuficha. Alipomaliza alimwambia Mwai aweke ndoo chini ili amwone sawasawa, na aliyomwambia kwa robo saa iliyofuata hatuyaandiki hapa, ila waliokuwepo wanasema hakurudia neno hata moja. Kisha akaenda kuketi karibu na Wendy, akamshika goti. Yule mama wa njahi akainuka tena akafunua sufuria.

Njoki hakuona hayo ya mwisho. Alikuwa amemwomba mtu kalamu, anaandika nyuma ya karatasi ya matangazo ya kanisa. Kilichomshtua kilikuwa hiki: Mkaguzi anajua. Anajua siku zote. Ili apige kelele kwenye mstari wa mia mbili na kumi na nne, lazima awe anakumbuka alianzia wapi kuamini alichoamini. Anakumbuka mstari wenyewe. Ni vile tu hakuna aliyewahi kumwambia autaje, na aliyemwandikia maneno ya kusema alikuwa Njoki.

Ijumaa saa kumi na mbili asubuhi alikuwa ofisini. Kufikia saa mbili alikuwa amemaliza, akamshukia Wamucii na simu. Wamucii alisoma, akarudia kusoma.

"Leo haijasema nimekosea," alisema. "Imesema imechanganyikiwa. Hii hata mimi ningeisaidia."

Saa tatu toleo jipya likatumwa Nanyuki. Kisha Njoki na Gicheru wakaiweka simu katikati ya meza, wakakaa kuitazama isipigwe. Saa nne haikupigwa. Saa tano haikupigwa. Gicheru alikunywa chai ya vikombe vinne na kukataa kwenda msalani. Saa sita kasoro dakika kumi, ikalia. Namba ngeni.

Gicheru alijifunika uso. Njoki aliiacha ilie mara tatu, kisha akaipokea.

"Njoki? Ni mimi. Simu yangu imeisha chaji, hii ni ya mama ya mtoto. Niko Kenol."

"Mama! Si nilikuambia leo usinipigie!"

"Nyamaza, mama, usikie." Simu ikakwaruza. Ikasikika sauti ya Kabura ikiuliza kwa mbali, "Hebu mwambie auntie, unaitwa nani?" na sauti nyembamba, yenye haya, ikajibu, "Kabura." Kisha mama mzee akarudi. "Umesikia?" alisema, akicheka na kulia kwa wakati mmoja. "Anaitwa Kabura! Shali amejifunga kichwani, amekataa kuitoa."

"Nimesikia, mama," Njoki alisema, na ilibidi ageukie ukutani ili Gicheru asione uso wake.

Saa sita na dakika moja simu ikalia tena. Safari hii namba waliijua.

"Saa sita imepita," Garad alisema, "kwa hivyo niko na ruhusa." Nyuma yake watu walikuwa wanacheka, tena si kidogo. "Huyu msichana Sabirin amemaliza saa tatu na nusu. Alikuwa tu anaogopa kuniambia. Ngoja anisomee yale maneno tena, ili usikie mwenyewe."

Sabirin akasoma kwa sauti, kicheko kikimkatiza: "'Nimechanganyikiwa, nisaidie. Mstari 214 unajumlisha uzito, kwa hivyo hapo uzito ni namba. Lakini mimi nilianza kuamini uzito ni neno kwenye mstari wa 6, ambapo ng'ombe wa kwanza ameandikiwa uzito: mnono. Yote mawili hayawezi kuwa kweli. Anza kuangalia mstari wa 6.'"

"Mnono?" Njoki akauliza. "Nani aliandika mnono?"

Garad akakohoa.

"Siku ya kwanza," alisema, "hawa watoto walinionyesha hiyo kitu, nikasema ng'ombe wa kwanza nitaandika mimi, na mkono yangu. Wakasema andika uzito. Sasa mimi miaka arobaini nanunua ng'ombe na macho. Nikamwangalia. Nikaandika vile niliona."

"Na alikuwa mnono?"

"Wallahi, alikuwa mnono!" Kicheko kikalipuka upya nyuma yake. "Mashine imenishika mbele ya wafanyakazi wangu wote, binti, na haijanitusi. Hata nyumbani kwangu hakuna mtu anaweza hiyo. Tutaendelea na nyinyi."

Gicheru alikuwa tayari ameshatoka mbio kuelekea msalani.

"Mzee, nipatie Khadar kidogo," Njoki alisema. Khadar alipokuja, alimwambia pole, kwamba hakuwa amekosea, kwamba aliyekosea ni yeye Njoki kwa kumwambia atazame mahali pasipofaa. Khadar akaomba amtumie hayo kwa maandishi, amwonyeshe mkewe.

Akakata simu, akaishika mkononi kitambo. Ilibaki simu moja, na hiyo ilimwogopesha kuliko ile ya Garad. Akampigia Wendy.

"Wendy, ni Njoki," alisema. "Jana nilikuambia umekosea. Mara mbili. Mbele ya watu."

"Mara tatu," Wendy alisema. "Ile ya tatu uliimeza, lakini niliiona."

"Sorry. Hukuwa umekosea hata kidogo."

Nyuma yake mtoto alikuwa analia, na Murugi wa Kianyaga akimbembeleza Murugi mwenzake.

"Njahi imebaki sufuria nusu," Wendy alisema mwishowe. "Kuja ukule. Na ukikuja usiseme iko na chumvi mingi. Tunajua."